Alfred Wegener: Aliyesema mabara yanatembea, akachekwa mpaka akafa

Leo tunamzungumzia mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilipitia haraka haraka katika somo la jiografia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Mtu huyo ni Alfred Wegener, Mjerumani aliyefariki dunia mwaka 1930 katikati ya barafu ya Greenland akiwa na umri wa miaka 50. Alipokufa, wanajiolojia wengi wa dunia walikuwa wakimhesabu kuwa ni mtu mwenye akili aliyepotea njia. Leo hii hakuna chuo kikuu chochote duniani kinachofundisha habari za ardhi bila ya kuanzia pale alipoanzia yeye.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha yake yana funzo kwa kila aliyewahi kusema jambo la kweli akaambiwa anyamaze kwa kuwa si fani yake. Ya pili inatugusa zaidi. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, wale waliobaki nyumbani na wale tulio Oman, Ghuba, Ulaya na Marekani, tumezaliwa au tunaishi juu ya mipaka ile ile ya ardhi ambayo bwana huyu alikuwa wa mwanzo kuitafutia maelezo ya pamoja.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Wegener alizaliwa mjini Berlin tarehe 1 Novemba 1880, kitinda mimba katika watoto watano. Baba yake, Richard, alikuwa mwanatheolojia na mwalimu wa lugha za kale. Ilitarajiwa kwamba watoto wa nyumba hiyo wangefuata vitabu na dini, lakini Alfred na kaka yake Kurt, aliyemzidi miaka miwili, walivutiwa zaidi na milima, theluji na anga.

Alisoma elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Berlin akapata shahada ya udaktari mwaka 1905. Hata hivyo hakuendelea nayo. Aliona kazi ya nyota inamfunga mtu mahali pamoja, naye alitaka kazi ya kwenda. Akahamia katika elimu ya hali ya hewa, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa, akaajiriwa katika kituo cha kuchunguza anga huko Lindenberg. Mwezi Aprili 1906 yeye na Kurt walipanda puto wakakaa angani saa 52 na nusu mfululizo, wakavunja rekodi ya dunia ya wakati ule. Mwaka huo huo akajiunga na msafara wa Wadenmark kwenda kaskazini mashariki mwa Greenland, akakaa huko hadi 1908. Kiongozi wa msafara, Ludvig Mylius-Erichsen, alikufa njiani pamoja na wenzake wawili. Wegener aliyashuhudia hayo akiwa bado kijana, na bado akatamani kurudi.

Alirejea Ujerumani akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Marburg. Hapo aliandika kitabu cha elimu ya anga kilichotoka mwaka 1911 na kumpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa hali ya hewa. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Wladimir Köppen, yule ambaye mpangilio wake wa maeneo ya tabianchi unatumika mashuleni hadi leo. Wegener alimuoa binti wa Köppen, aitwaye Else, mwaka 1913.

RAMANI NA GAZETI LILILOCHANWA

Karibu na Krismasi ya mwaka 1910, Wegener alikuwa akifunua atlasi mpya ya rafiki yake. Akaona kile ambacho kila mtoto wa shule mwenye ramani ukutani anaweza kukiona: ubavu wa mashariki wa Amerika ya Kusini unaingia katika ubavu wa magharibi wa Afrika kama vipande viwili vya chungu kilichovunjika. Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Mchoraji ramani Abraham Ortelius alikwishaligusia mwaka 1596. Wengi waliliona wakasema ni bahati tu, wakafunga kitabu. Wegener hakukifunga.

Hapa pana jambo moja la kuvutia. Tarehe 13 Desemba 1910, yaani siku chache tu kabla ya Krismasi hiyo, eneo la Rukwa karibu na Ziwa Tanganyika lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kurekodiwa katika Afrika ya Mashariki. Wakati huo nchi ile ilikuwa koloni la Wajerumani. Mjerumani mmoja Ulaya anashangaa kwa nini mabara yanaonekana kama yamechanika, na katika koloni la nchi yake ardhi iko katika kuchanika.

Mwaka uliofuata alikuta katika maktaba maandishi yanayoorodhesha viumbe wa kale waliofanana pande zote mbili za Atlantiki. Kulikuwa na Mesosaurus, mnyama mdogo wa jamii ya reptilia aliyeishi majini, ambaye visukuku vyake vimepatikana Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika, wala havipatikani penginepo. Kulikuwa na mmea uitwao Glossopteris uliosambaa Afrika, Amerika ya Kusini, India na Australia. Mmea hauogelei, na mnyama yule hakuwa na uwezo wa kuvuka bahari kuu.

Wataalamu wa wakati ule walikuwa na jibu lao. Walisema kulikuwa na madaraja ya ardhi yaliyounganisha mabara, kisha yakazama baharini. Na kuhusu milima, walisema dunia inapoa na kusinyaa, hivyo ngozi yake inajikunja kama chungwa lililonyauka. Wegener alilikataa jibu hilo kwa hoja ya kifizikia. Mawe ya mabara ni mepesi kuliko mawe ya chini ya bahari. Kitu chepesi kinaelea juu ya kizito, na daraja zima la ardhi haliwezi kuzama ndani ya mawe mazito zaidi yake, kama ambavyo kifuu cha nazi hakiwezi kuzama chenyewe majini. Ikiwa madaraja hayakuwapo na viumbe wamefanana, basi limebaki jambo moja tu: mabara yenyewe yalikuwa pamoja, yakaachana.

Aliitoa hoja hiyo hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 6 Januari 1912 mjini Frankfurt, mbele ya wanajiolojia. Hawakufurahi. Mwaka huo huo akaondoka tena kwenda Greenland na Mdenmark Johan Peter Koch. Watu wanne na farasi wadogo wa Iceland walipitisha majira ya baridi juu ya barafu yenyewe, kisha wakaivuka nchi nzima mwaka 1913. Walifika upande wa pili wamekwisha kabisa, wamekula hadi mbwa wao wa mwisho, wakaokolewa na mchungaji aliyekuwa akipita na mashua.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliitwa jeshini, akajeruhiwa mara mbili, mkononi na shingoni, akapelekwa katika idara ya hali ya hewa ya jeshi. Katika likizo ya ugonjwa aliandika kitabu chake juu ya asili ya mabara na bahari, kilichotoka mwaka 1915 kikiwa na kurasa 94 tu. Alikirudia kukiandika na kukipanua mwaka 1920, 1922 na 1929.

Katika kitabu hicho alikusanya ushahidi wa fani mbalimbali. Safu za mawe za Afrika ya Kusini zilikuwa na wenzao Argentina. Mikwaruzo ya barafu kuu ya kale ilionekana Afrika, India na Amerika ya Kusini, sehemu ambazo leo ni za joto, na ukiyaweka mabara hayo pamoja mikwaruzo yote inakusanyika kuzunguka ncha ya kusini ya dunia. Alitoa mfano ambao sisi watu wa magazeti tunaupenda: ukichana gazeti vipande viwili, kisha ukaviunganisha na kuona kwamba kingo zinaingiana na pia mistari ya maandishi inasomeka kutoka kipande kimoja hadi kingine, huna budi kukubali kwamba lilikuwa gazeti moja.

KWA NINI ALIKATALIWA

Tuwe waadilifu. Waliomkataa hawakuwa wajinga wote. Wegener alishindwa kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alipendekeza nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, na mvuto wa mwezi na jua. Mwingereza Harold Jeffreys alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na Jeffreys alikuwa sahihi. Wegener pia alidhani mabara yanapita ndani ya mawe ya chini ya bahari kama jahazi linavyokata maji, jambo lisilowezekana. Na vipimo vya zama zake vilimdanganya kuamini kwamba Greenland inaihama Ulaya kwa zaidi ya mita kumi kila mwaka. Leo tunajua ni kiasi cha sentimita mbili.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la hesabu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1924, na mwaka 1926 wataalamu wa mafuta wa Marekani waliitisha mkutano mjini New York kuijadili nadharia yake. Wengi waliipinga vikali. Baadhi walilalamika kwamba kuikubali ni kufuta yote waliyojifunza kwa miaka 70 na kuanza upya. Wengine walimwona mgeni asiyehusika, mtu wa mawingu na mvua anayekuja kuwafundisha watu wa mawe kazi yao. Juu ya hayo alikuwa Mjerumani, na vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Nchini kwake nafasi ya uprofesa ilimpita mara kwa mara. Mwishowe alipata kazi hiyo mwaka 1924, si Ujerumani bali Austria, katika Chuo Kikuu cha Graz. Wasomaji wetu wengi wanaifahamu hali hiyo ya mtu kulazimika kutafuta nje heshima aliyonyimwa kwao.

Hakukosa wafuasi kabisa, na inafaa tujue kwamba waliomuunga mkono kwa nguvu zaidi ni watu walioijua Afrika kwa miguu yao. Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini alikwenda Amerika ya Kusini kulinganisha mawe, akarudi ameridhika, na mwaka 1937 akatoa kitabu kizima cha kuitetea nadharia hiyo. Mwingereza Arthur Holmes, ambaye ujanani mwaka 1911 alitafuta madini Msumbiji akarudi kwao na malaria, ndiye aliyependekeza injini iliyokosekana. Alisema mawe ya ndani ya dunia, ingawa ni magumu, yanajongea polepole sana kwa miaka mamilioni, yakipanda yakiwa na moto na kushuka yakipoa, kama uji mzito unavyozunguka katika sufuria iliyo jikoni, na yanabeba utando wa juu pamoja nao. Wazo hilo lilikaa kabatini kwa miaka thelathini.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka 1930 Wegener aliongoza msafara mkubwa wa Wajerumani kwenda Greenland kupima unene wa barafu na hali ya hewa ya mwaka mzima. Mpango ulikuwa na vituo vitatu, kimoja pwani ya magharibi, kimoja pwani ya mashariki, na kimoja katikati kabisa, umbali wa kilomita 400 kutoka pwani ya magharibi, kilichoitwa Eismitte. Mambo yaliharibika mapema. Barafu ya baharini iliwachelewesha kwa zaidi ya wiki tano. Sleji zao za injini, yaani mikokoteni ya kuteleza juu ya theluji, zilishindwa kazi. Kituo cha katikati kilikuwa na watu wawili, Johannes Georgi na Ernst Sorge, bila chakula wala mafuta ya kutosha kumaliza majira ya baridi.

Wegener aliamua kuwapelekea mahitaji yeye mwenyewe. Mwishoni mwa Septemba aliondoka na mwenzake Fritz Loewe pamoja na wenyeji 13 wa Greenland na sleji za mbwa. Baridi ikazidi, dhoruba zikapiga, na wenyeji 12 wakarudi. Hatuwezi kuwalaumu, maana wao ndio walioijua barafu ile kuliko wageni. Alibaki mmoja tu, kijana wa miaka 23, jina lake Rasmus Villumsen. Watatu hao walifika Eismitte tarehe 30 Oktoba, siku ambazo baridi ilishuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, huku shehena karibu yote wameiacha njiani. Vidole vya miguu vya Loewe viliganda, ikabidi vikatwe kwa kisu cha mfukoni bila ganzi. Georgi na Sorge walikuwa wamechimba pango ndani ya barafu, wakaona wanaweza kubana matumizi na kuishi humo watatu, pamoja na Loewe. Watano wasingetosha.

Tarehe 1 Novemba 1930, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener na Villumsen walianza safari ya kurudi pwani wakiwa na sleji mbili na mbwa 17. Hawakufika.

Mwezi Mei 1931 wenzao walikuta skii zake zimesimikwa wima kwenye theluji, kiasi cha kilomita 189 kutoka pwani. Walipochimba waliukuta mwili wake umefungwa vizuri, umeshonewa kwa mifuko ya kulalia na kulazwa kwa heshima. Inaaminika moyo ulishindwa kwa uchovu. Aliyemzika ni Villumsen. Kijana yule, peke yake katika giza la majira ya baridi, alisimama akamsitiri mwenzake, akaweka alama ili aonekane, kisha akaendelea na safari. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Tunalitaja jina la Rasmus Villumsen kwa makusudi. Sisi tunaotoka katika nchi ambazo Wazungu walisifiwa kwa kuzigundua huku waliobeba mizigo, waliotafsiri na walioonyesha njia wakiachwa bila majina, tunajua thamani ya kulitaja. Kama si yeye, Wegener asingefika Eismitte wala asingepatikana kaburi lake.

Wenzake walimwacha pale pale alipolala. Kurt alikwenda Greenland kuumalizia msafara wa ndugu yake. Else alibaki na mabinti watatu.

BAHARI YATOA USHAHIDI

Ukweli ulikuja kutoka chini ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mchoraji ramani wa Marekani, Marie Tharp, ambaye kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, alikaa mezani New York akichora vipimo vya kina cha Atlantiki vilivyoletwa na wanaume. Akaona katikati ya bahari kuna safu ndefu ya milima, na kileleni mwake kuna bonde lililopasuka. Mkubwa wake wa kazi alilipuuza mwanzoni. Baadaye ilionekana kwamba mpasuko huo unazunguka bahari zote za dunia, unapita Ghuba ya Aden, na tawi lake linaingia nchi kavu na kuwa Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1962 Harry Hess wa Princeton alieleza kwamba katika mipasuko hiyo mawe ya moto yanapanda, yanaganda na kuwa sakafu mpya ya bahari, na sakafu ya zamani inasukumwa pembeni. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wa Cambridge wakatoa ushahidi. Mawe ya volkano yanapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia, na sumaku hiyo imekuwa ikigeuka kaskazini kuwa kusini mara nyingi katika historia. Walipopima sakafu ya bahari walikuta michirizi ya sumaku inayopishana kama michirizi ya kikoi. Vipimo walivyovitegemea vilitoka katika Bahari yetu ya Hindi, kwenye safu ya milima ya chini ya maji iitwayo Carlsberg, kati ya Afrika na India.

Kufikia mwaka 1968 picha ilikuwa imekamilika. Mabara hayatembei yenyewe. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa kadhaa na madogo mengi, na kila bamba linabeba nchi kavu na bahari kwa pamoja, kwa kasi inayolingana na ukucha unavyoota. Katikati ya bamba mara nyingi kumetulia. Mambo yako mipakani, na mipaka ni ya aina tatu.

MIPAKA MITATU

Wa kwanza ni mpaka wa kuachana. Mabamba yanavutana kwenda pande tofauti, ardhi inakonda, inadidimia, na mawe ya moto yanapanda kujaza pengo. Hapo ndipo Afrika ya Mashariki ilipo. Upande wa Somalia unaachana na upande mkubwa wa Afrika kwa milimita chache kwa mwaka. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limekaa ndani ya mpasuko huo. Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo ni matundu yake ya kutolea moshi. Watu wa Goma walikimbia lava mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Mwezi Septemba 2005, huko Afar nchini Ethiopia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 na kuachana hadi mita 8 katika siku chache. Bahari Nyekundu na Ghuba ya Aden zilianza hivyo hivyo.

Wa pili ni mpaka wa kugongana. Bamba la bahari likikutana na jingine, lililo zito huingia chini ya jingine. Haliingii kwa ulaini. Hukwama, likalipinda la juu kama fito ya upinde, na siku linapoachia dunia inajua. Tarehe 26 Desemba 2004 mpaka wa namna hiyo karibu na Sumatra uliachia kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Tsunami iliua watu wapatao 230,000, ikavuka bahari na kuua karibu watu 300 Somalia, na hata Kenya na Tanzania kulikuwa na waliopoteza maisha. Wasomaji wetu wa Muscat wajue kwamba wanao mpaka kama huo jirani, uitwao Makran, mbele ya pwani za Iran na Pakistan, ambao mwezi Novemba 1945 ulitoa tetemeko la ukubwa wa 8.1 na tsunami. Na pale mabara mawili yanapogongana, yote yakiwa mepesi, hakuna anayekubali kwenda chini, basi hujikunja kama mikeka miwili iliyosukumwa ikakutana. Himalaya ilitokana na India kuigonga Asia, na milima ya Zagros ya Iran ni kazi ya Arabia. Mara chache sana kipande cha sakafu ya bahari hupandishwa juu ya nchi kavu badala ya kuzama. Milima myeusi anayoiona kila anayesafiri kutoka Muscat kupitia Samail kwenda Nizwa ni sakafu ya bahari ya kale ya aina hiyo, na shaba iliyochimbwa Oman tangu zama za Magan ilitoka humo.

Wa tatu ni mpaka wa kupishana. Mabamba yanakwaruzana ubavu kwa ubavu kama majahazi mawili bandarini, hakuna ardhi inayoundwa wala inayopotea. Ufa wa San Andreas ndio uliobomoa San Francisco mwaka 1906. Tarehe 6 Februari 2023, mpaka wa namna hiyo kusini mwa Uturuki, unaosukumwa na Arabia inayokwenda kaskazini, uliua zaidi ya watu 50,000 katika Uturuki na Syria.

TUNACHOKIACHA KWA MSOMAJI

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Kwa vipimo vya Uturuki hilo lilikuwa dogo, lakini watu wasiopungua 16 walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Nyumba nyingi zilikuwa za tofali zisizofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege juu ya madirisha. Wengi wetu tulio ughaibuni ndio tunaotuma fedha za kujenga nyumba hizo, kuanzia Bukoba, Kigoma, Bujumbura, Bukavu hadi Mbeya. Fundi akikwambia kwamba mkanda ni gharama ya bure kwa kuwa kwetu hakuna matetemeko, mkumbushe Rukwa ya mwaka 1910. Wegener alitumia maisha yake kuonyesha kwamba ardhi tunayoiona imetulia haikutulia, na anayejenga mpakani hana udhuru wa kutojua.

Else Wegener alikufa mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 100. Aliishi miaka 62 ya ujane, muda wa kutosha kuona waliomcheka mume wake wakimwandika vitabuni. Mume mwenyewe bado yuko ndani ya barafu ya Greenland, imemfunika zaidi na zaidi kila mwaka na inamsogeza taratibu kuelekea baharini. Chini ya barafu hiyo, nchi nzima inaendelea kuiacha Ulaya. Tangu walipomlaza pale imekwishasogea karibu mita mbili.